Kizimba cha Simbilisi wa Tabu

Miyuji, Dodoma
Septemba 1913

Mpendwa mjukuu wangu Raheli,

Umepotea kama mvua ya Ugogo. Reli wameitandika mpaka huko Tabora kwako, gari la moshi linapita hapa likipiga kelele, linashusha watu nisiowajua na mizigo yao, na wewe humo hushuki. Ningekuwa na miguu yangu ya zamani ningekufuata na fimbo. Shikamoo yako naipokea ingawa hukuituma. Marahaba, mke mwenzangu. Marahaba sana.

U hali gani? Mwili je? Unakula? Usinijibu "sijambo" tu kama mtu anayefukuza kuku. Nataka kujua kama unalala, na kama unapoamka unaondoka kitandani au unabaki umetazama ukuta.

Zaidi, mkwe wangu, najua wewe ndiye unayemsomea. Nakusalimu kwa Kigogo chetu, mbukwa! Soma polepole, wala usiruke neno kwa aibu. Kwa upande wetu anayeandika ni Sostenes, jirani aliyejifunza kusoma misheni. Nimemwambia aandike ninavyosema mimi, siyo anavyotaka yeye yanyooke. Amecheka, lakini anaandika.

Sisi wazima. Goti langu linanipa habari za baridi kabla baridi haijafika. Mama yako Zipora hajambo, ulimi wake nao haujambo. Uwele tulipata wa kutosha kutufikisha kwenye mvua, Mungu akipenda. Visima vimekwenda chini, mbuzi wamekonda mpaka unaweza kuwahesabu mbavu ukiwa umekaa. Baba yako nitamfikia, usiwe na haraka.

Sasa nije kwenye kapu lako.

Msafiri, yule ndugu yake Zaidi anayefanya biashara ya chumvi na nguo, alishuka hapa akielekea kwao Kondoa. Kapu alilibeba kwenye ncha ya fimbo, mbali na kanzu yake. Nikamuuliza, umebeba nyoka? Akasema huko Tabora amesikia Wadachi wakiwaita vinguruwe vya bahari, na yeye hataki kuingia kwao akinuka nguruwe. Akaliweka kapu mlangoni, akasema, "Bibi, Raheli anakusalimu. Hawa ni simbilisi, ni wa mboga," akashika njia mbio kuwafuata wenzake.

Wa mboga! Sasa mimi nielewe nini? Mtu akikuletea kitu chenye miguu minne, kinono, akakwambia ni cha mboga, unatafuta chungu. Tulikuwa tumekula ugali kwa mlenda mkavu tangu mavuno. Nikasema mjukuu wangu ametukumbuka, ametuletea kitoweo. Mama yako akabandika maji.

Nikamshika yule mwekundu, mnene. Akalia kwii, kwii, kama mlango wa Mzungu. Nilipomgeuza nikaona uzi shingoni, na kwenye uzi ushanga mmoja wa samawati. Raheli, mimi sijui kusoma, lakini shanga zangu nazijua. Ule ushanga ni wa zile nilizomtuma Msafiri akuletee ulipojifungua, za kumfunga Tabu kiunoni. Nikamwambia Zipora, epua maji. Nyama ya kupikwa haivishwi shanga. Hawa ni wa mtoto.

Nikafurahi, mwanangu. Nikawa nasema peke yangu: kijukuu ambaye sijamwona amenitumia wanyama wake nimtunzie, yuko njiani anakuja.

Baba yako alipotoka malishoni akawaona. Unakumbuka aliyoyasema ulipoondoka na Zaidi, kwamba kitu kutoka nyumba ya Mrangi yule hakitalala chini ya paa lake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, watoe nje." Nikamjibu ni wa Tabu hawa, siyo wa Zaidi. Akaenda kufunga mbuzi.

Basi wakakaa nje, ndani ya tenga la kuku, wamebanana kama watu wa gari la moshi. Nikawamwagia makapi ya uwele walalie. Makosa matupu. Vumbi la makapi likawaingia puani, wakawa wanapiga chafya mchana kutwa na macho yanawatoka maji. Kwa kubanwa wakaanza kuumana. Yule mweupe akang'olewa manyoya mgongoni. Nikawa nawagombeza: nyinyi mko wawili tu duniani mnajuana, na bado mnaumana?

Ndipo Msafiri akarudi kutoka Kondoa, akapita kuomba maji. Akaona chungu, akaona tenga, akapiga kelele, "Bibi, mlitaka kuwapika? Nilisema wa mboga! Wanakula mboga! Majani!" Zipora alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nami nikacheka. Kisha nikamuuliza, basi Tabu anakuja lini kuwachukua?

Msafiri akatazama kibuyu cha maji. Akasema, "Bibi, kwani hamkuambiwa?"

Raheli. Mwanangu. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mtoto amekwenda na homa wakati wa masika, na mimi huku nilikuwa napanda uwele nikiimba. Mmemzika, mmeanua matanga, na bibi yake kichwa chake kina nywele. Siku ile ile nilinyoa. Mama yako alilia hata majirani wakaja na maji wakidhani nyumba inaungua.

Sikugombezi kwa kulia peke yako. Nakugombeza kwa kuficha. Nami najua kwa nini ulificha, kwa hiyo nalisema hapa wazi, na Sostenes anaponitazama hivyo aandike tu. Ulidhani tutasema ni maneno ya baba yako yaliyomfuata mtoto. Ulidhani laana. Sikiliza: nimemzaa mimi Bartolomayo, namjua tangu hajaota meno. Maneno yake hayana nguvu ya kuua hata kifaranga. Akimkemea mbuzi, mbuzi anaendelea kula. Homa ilikuja kwa sababu homa huja. Imechukua watoto wa watu waliobarikiwa na maaskofu, na nyumba za Wazungu pia inaingia bila hodi. Wewe hukukosa. Zaidi hakukosa. Lirudie hili, Zaidi, msomee mara ya pili.

Msafiri akatueleza yote. Kwamba bwana daktari unayemfulia anafuga simbilisi wengi kwa kazi zake za dawa, akampa Tabu wawili wa kuchezea. Kwamba baada ya msiba hukuweza kuwasikia wakilia kumwita mwenye nao, wala hukuweza kuwarudisha kwa daktari wakachomwe sindano. Ndipo ukanitumia. Ulifanya vyema. Lakini ungekuja nao mwenyewe.

Sasa baba yako. Alikuwa amesimama nyuma ya ukuta, amesikia kila neno. Akaingia ndani, akatoka na panga, akashika njia ya kilimani. Zipora akamkimbilia akilia, "Baba Raheli, unakwenda wapi na panga?" Akamjibu, "Fito, mke wangu. Nakwenda kukata fito."

Akarudi na mzigo wa fito za mkole, zile laini zisizokatika. Akaketi uani, akaanza kufuma. Akafuma mpaka nikaona kitu kimekuwa kirefu kama kitanda cha watu wawili. Nikamwambia, "Bartolomayo, hiki ni kizimba au zizi? Ng'ombe utawaweka upande gani?" Hakuinua kichwa. Akasema, "Mama, wametoka mbali. Wasikae wamekunja miguu."

Nikaketi karibu, nikawa namshikia fito.

Akawahamisha wana-mbuzi, akakiingiza kizimba kwenye chumba chao, chini ya paa lile lile alilolikatalia. Hakuna aliyemkumbusha. Mama yako alifungua kinywa nikamkanyaga mguu.

Kukifuma ni kazi moja, kukifanya nyumba ni nyingine. Sakafu ya kwanza ilikuwa ya fito tupu, vidole vyao vikawa vinazama katikati. Tukaikandika kwa udongo na samadi ya ng'ombe kama sakafu yetu, ikakauka. Miguu ya kizimba tumeisimamisha kwenye vigae vyenye majivu, siafu wasipande. Halafu baba yako, kwa kuwa wanafanana na pimbi, akaenda kuleta mawe ya kilimani akayapanga humo ndani, maana pimbi bila jabali hana raha. Loo! Hawa siyo pimbi. Yule mweupe alipanda jiwe moja akaporomoka kama gunia, akachechemea. Nilimkanda mguu kwa mafuta, na mawe yakatoka. Mahali pake nimeweka vibuyu vilivyopasuka, nimevilaza kifudifudi na mlango nimevikatia. Wakiogopa wanaingia humo, pua tu inabaki nje.

Matandiko yao sasa ni nyasi kavu, zile laini za bondeni. Nazipiga kwanza kwenye jiwe miba idondoke, nazianika juu ya paa la tembe chawa wafe, ndipo nawatandikia nene, mpaka wanazama. Zikilowa natoa, natandika nyingine. Paa lenyewe ndilo mama yako anaanikia mlenda wake, na siku moja nusura atupikie matandiko. Chafya zimekwisha. Kuumana kumekwisha. Kumbe hawakuwa na chuki, walikosa nafasi tu. Wakishiba wanarukaruka kutoka pembe hii mpaka ile kama wendawazimu, na mimi nakaa nawatazama, mboga yangu inaungua jikoni.

Ushanga nimemvua yule mwekundu usije ukamnyonga. Ninao mimi, nimeufunga kwenye ncha ya kaniki yangu.

Jirani yetu Matonya, unamjua kinywa chake, alikuja akamkuta baba yako anafagia kizimba. Akacheka mbele ya watu, "Bartolomayo, nasikia umemwoza binti kwa Mrangi, na mahari umeletewa panya!" Nikashika mwiko, maana nilidhani pataumana. Baba yako aliendelea kufagia. Akasema, "Si panya. Ni wa mjukuu wangu." Matonya akageuka, akaenda zake. Nami, tangu Tabu azaliwe, sikuwa nimelisikia neno lile kinywani mwa baba yako.

Linalonisumbua sasa ni majani. Kiangazi hiki mboga mbichi haipo, na mlenda mkavu wanaunusa na kuniachia. Penye kijani ni mahali pamoja tu, stesheni, chini ya tangi ambamo gari la moshi linanywa maji. Tangi linavuja, ukoka umeota hapo mbichi kabisa. Baba yako huenda kuukata. Mlinzi humtukana, naye huenda.

Nisalimie wote wa huko. Mama yako Zipora anakusalimu na kusema nywele zako usizikate tena, alizosuka yeye ziache ziote. Msafiri akipita mpe chakula, alitukosea neno moja lakini alituletea jingine lililotufaa. Sostenes anakusalimu, amelowesha karatasi hapa juu, nayo si jasho. Mungu akufunike, mwanangu, kama paa letu linavyotufunika, zito na la udongo, lisilopeperushwa na upepo. Na mtoto wetu amlaze mahali pasipo homa.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokugombeza,

Bibi yako, Anyesi

Ngoja, Sostenes, usikunje. Bado moja.

Raheli, ule ukoka wa stesheni ni kiganja tu, mtu anaukata na kumaliza kabla jasho halijatoka. Lakini baba yako huchagua siku ambayo gari linatoka Tabora. Hukata, huacha, hukata tena, mpaka mtu wa mwisho ameshuka na gari limeondoka. Kisha anarudi nyumbani na kifungu chake.

Basi utakaposhuka, usihangaike kumtafuta katika nyuso za watu. Tazama chini ya tangi, utamwona ameinama. Usimwite. Usianze na samahani, wala usingoje yake, atashindwa na mtasimama hapo mpaka jua lizame. Weka mzigo wako chini, uiname, ukate naye.