Nani Alitoka ku Irembo

Goma, tarehe 14 mai 1957

Papa mupendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mutoto wako. Mimi niko muzima, ni kifua tu kinanisumbua kidogo juu ya baridi ya asubuhi. Mama naye, muguu wake umepoa? Na Gaju, amekwisha kuzaa? Ng'ombe yule ninamuota mara nyingi kuliko watu.

Papa, nina huzuni, na sina mutu mwingine wa kumuambia. Unajua ninafundisha wasichana wa mwaka wa nne hapa ku masomo ya masera, wale watawa wanawake, pale pale niliposoma mimi. Mwaka wa tano wa wasichana haujapata kuwako. Sasa Sera Mukubwa, anayeongoza masomo, amesema ataufungua ku septembre, kama wazazi wenyewe watakuja kusema kwamba watoto wao wataendelea. Wasipokuja, basi. Wasichana wangu watarudi kulima na kungoja kuolewa, na kusoma watasahau.

Niliandika barua kumi na nane kwa mukono wangu, nikawapa watoto wazipeleke: njooni siku ya Yenga, siku ya kusali, Misa ikiisha. Nilipanga viti, nikafuta tablo ya kuandikia, nikatandika kitambaa ku meza ya Sera. Tulingoja mpaka saa saba. Hakuna hata mutu mumoja aliyeingia. Sera alisema wazazi wa hapa hawapendi masomo, na mimi nikaanza kurudisha viti.

Kuna mumoja, Lucie wa mutaa wa Murara, ana akili kunishinda mimi nilivyokuwa. Mama yake, Mukabalisa, anauza ndizi. Nilisema huyu angalau atakuja. Wapi.

Papa, nikuulize neno moja, usikasirike. Wewe pia, miaka minne niliyolala na kusoma hapa, hukufika hata mara moja kuona mahali ninapokaa. Sikukuuliza kamwe. Sasa ninauliza: ni kitu gani kinamuzuia muzazi?

Mutoto wako,
Philomène


Masisi, tarehe 29 mai 1957

Mutoto wangu Philomène,

Barua yako imefika. Katekista Barthélemy aliisoma mara mbili, mama yako akataka ya tatu. Ni yeye Barthélemy anayeandika, mimi ninasema tu, kwa hiyo mwandiko mzuri ni wake na maneno mabaya ni yangu. Tuko wazima. Muguu wa mama umepoa, sasa anatukimbiza sisi wote. Gaju amezaa ndama jike mwenye paji jeupe. Kunywa maji ya moto asubuhi, hicho kifua usikichezee.

Sasa neno lako. Ulipanga viti, ukafuta tablo. Vizuri. Lakini nani alitoka ku irembo?

Umekaa na masera siku nyingi, umesahau kwenu. Mutu akija kwetu anasimama ku irembo, pale pa kuingilia lupango, uwanja wa nyumba, anakohoa kidogo, anangoja. Mwenye nyumba anatoka, anamushika mukono, anamuingiza. Asipotoka mutu, mugeni anajua kwamba hatakiwi, anarudi kwake. Anayejiingiza mwenyewe ni mwizi. Wale wazazi uliowaita walikuja, mimi ninakuambia. Uliza watu wanaokaa karibu na mulango wa masomo.

Na mimi nilifika. Ilikuwa mwaka wa 1949, wakati wa mvua nyingi. Nilitembea siku mbili na kibuyu cha maziwa. Nilisimama ku mulango, nikakohoa, nikakohoa tena. Mulinzi akaniambia muzazi anaitwa kama mutoto amekosa, wako amekosa nini? Nikasema wangu hana kosa. Nikaogopa kwamba nikiendelea kusimama pale watafikiri unalo. Nikazunguka nyuma ya ukuta wa mawe meusi, nikakaa chini. Ndipo nikasikia unasoma. Maneno sikuyajua, yalikuwa Kifaransa, lakini sauti niliijua. Nilikaa mpaka ukamaliza. Kibuyu nilimuachia mulinzi.

Sikukuambia, haya ilinishika. Yale maziwa, ulikunywa?

Papa yako,
Habarurema


Goma, tarehe 10 juin 1957

Papa yangu,

Ninakusalimu, wewe na mama na ndama wa Gaju. Kifua kimepona, nilikunywa maji ya moto kama ulivyosema.

Nililia, Papa. Nililia mbele ya watoto, ikabidi niseme ni chaki iliyoingia ku macho. Yale maziwa nilikunywa. Mulinzi alisema mupita njia ameyaacha, na mimi nilikuwa na hamu ya maziwa ya nyumbani, sikuuliza ni mupita njia gani. Miaka yote hii nimekukasirikia moyoni, kumbe maziwa yako nilikwisha kuyanywa.

Nilikwenda Murara nyumba kwa nyumba, bila karatasi. Nilisimama ku kila irembo na kukohoa, mpaka mama mumoja akaniletea dawa ya kifua. Ulisema kweli. Walikuwa wamekuja, karibu wote. Mukabalisa alisimama pale mpaka jua likamuchoma kichwa. Aliniona ku dirisha ninapanga viti, akafikiri nimewaona na siwataki. Nilimuomba musamaha. Alinipa ndizi, lakini juu ya Lucie hakusema neno. Ana wadogo wawili, na Lucie ndiye anayewaangalia mama akienda kuuza.

Nilimueleza Sera Mukubwa. Aliuliza kwa nini hakuna mutu aliyemuambia desturi hii tangu afike. Amekubali tujaribu mara ingine, siku ya Yenga tarehe 23, na yeye mwenyewe atasimama inje pamoja nami. Lakini ni mara ya mwisho.

Papa, njoo. Usihesabu barua hii kuwa karatasi ya kukuita. Nitakuwa ku mulango.

Mutoto wako,
Philomène


Masisi, tarehe 3 juillet 1957

Mutoto wangu,

Nilifika nyumbani salama, kiuno tu kinalalamika. Wewe hujambo? Mama yako na Barthélemy hawataki kuamini ninayowaambia. Wanasema muzee anatia chumvi. Basi nimesema yaandikwe yote, yaende kwako, na kama nimedanganya utajibu.

Kamyo ya viazi, gari kubwa nililopanda, ilipasuka mupira wa gurudumu njiani, pale Sake. Nilipofika, Misa ilikwisha zamani, mulango ulikuwa mutupu, ninyi nyote mulikuwa ndani. Sikukulaumu. Nilikohoa mara moja, polepole. Kisha miguu ikanipeleka yenyewe nyuma ya ule ukuta. Mawe ni yale yale. Nikasikia unasema na wazazi, safari hii kwa Kiswahili, nikaelewa yote. Nikajiambia, kusikia kunatosha.

Ni huyo Lucie aliyeniona kwa dirisha, akakuambia kuna muzee nyuma ya ukuta. Uliacha kusema katikati ya neno. Kisha ukatoka mbio, Sera Mukubwa nyuma yako na kanzu yake ndefu, na wazazi wote, na Mukabalisa amebeba kiti. Ulipiga magoti pale ku mawe, ukanishika mikono miwili, ukasema:

«Papa, nimekawia miaka nane kutoka. Karibu ndani.»

Nililia, Barthélemy, andika hivyo hivyo.

Ndani, Mukabalisa alisimama mbele ya watu wote. Alisema kama papa ya mwalimu alisikiliza nyuma ya ukuta, yeye aliyeingizwa kwa mukono hawezi kukataa. Lucie ataendelea, lakini wadogo zake nani atawaangalia? Sera akajibu waje naye asubuhi, masera watakaa nao. Baada ya hapo wengine walisimama mumoja mumoja, na wewe ukaandika majina ku tablo mpaka chaki ikaisha. Mama yako anauliza kama kweli mwaka wa tano utafunguliwa. Nimemuambia nilisikia Sera akisema ndiyo, nimeketi ku kiti.

Kibuyu cha maziwa nilichokuletea nimekiacha kwako makusudi. Usikitume kwa mukono wa mutu. Masomo yakifungwa, kilete mwenyewe. Hutakuwa na haja ya kukohoa, mama yako tangu jana anakwenda kusimama ku irembo.

Papa yako,
Habarurema