Tulisimama Kutazama Mandhari

Nyumba ya wageni ya Bi Pargeter,
Shropshire.
Alhamisi, 19 Septemba.

Dada yangu mpendwa Winifred,

Pokea salamu nyingi kutoka huku vilimani. Natumaini goti lako linakusikiliza siku hizi, na kwamba paka amekubali kula ingawa bwana wa nyumba hayupo. Mimi ni mzima, ukiondoa malengelenge matatu kwenye mguu wa kushoto na kiuno ambacho nadhani si changu. Shemeji Desmond yupo, amelala chumbani juu tangu saa nane mchana. Mimi nimekaa huku chini dirishani na chai yangu. Nakuandikia kwa sababu simu haishiki mtandao kwenye mabonde haya, na pia kwa sababu kuna jambo siwezi kulisema huku nikikusikia unavyopumua.

Nimechoka, Dada. Siku tatu tumepanda na kushuka, na kila kilele tulichofikia kilikuwa na mwenzake nyuma yake. Kampuni ya matembezi ilitutumia ramani na karatasi za maelekezo, ikatutafutia vyumba vya kulala, na kila asubuhi bwana mmoja aitwaye Trevor huja na gari kuyachukua mabegi yetu. Mabegi yanapanda gari, wenye mabegi tunatembea. Karatasi zinasema ugeuke kulia penye mwaloni ulioanguka, lakini mwaloni wenyewe umeshapasuliwa kuni. Juzi tulizunguka shamba moja mara mbili, kondoo wale wale wakitutazama, hadi Desmond akaniambia kuna mmoja amefanana kabisa na mama mkwe wake. Nikamkumbusha kuwa huyo ni mama yangu mzazi. Akasema ndiyo maana ameniambia mimi na si wewe.

Najua unachosubiri kusikia. Siku ile kituoni ulinishika kola ya koti ukaniagiza nizungumze naye njiani, ili barua ya hospitali ikifika akubali kufanyiwa ule upasuaji wa moyo, asianze tena habari zake za kusema yuko fiti. Nilikuahidi. Kila siku nilijiambia nitaanza tukishavuka lango lile. Nililifungua, tukapita, nikalifunga vizuri nyuma yetu, kisha tukaongea habari za mvua, na kama soseji za Bi huyu zimezishinda za yule wa jana.

Unatujua tulivyo. Mwanamume wa rika letu hasemi amechoka. Anasimama katikati ya mlima, anaweka mikono kiunoni na kusema, ebu tutazame mandhari kidogo. Jumatatu tulitazama mandhari mara nne kabla ya kula mkate wetu wa mchana. Mimi nilishukuru, kwa sababu hata mapafu yangu yalikuwa yakiomba radhi. Jumanne niliacha kuhesabu.

Jana ukungu ulishuka tukiwa juu kabisa ya mlima wa Long Mynd. Sikuona hata ncha za viatu vyangu. Desmond akasimama, akaweka mikono kiunoni, akasema, "Ebu tutazame mandhari kidogo, Raymond." Nikasimama kando yake. Akaketi juu ya jiwe. Nilipomwangalia, midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, kama mtu aliyekula zambarau. Akasema pazuri. Na mimi, Dada, badala ya kumwuliza anaumwa wapi, nikasema pazuri sana. Tulikaa hivyo dakika kumi tukiusifu ukungu. Aliposimama alinishika mkono wa koti, akaushikilia hadi tulipofika barabarani. Katika miaka thelathini na moja ya ushemeji wetu hatujawahi kushikana zaidi ya salamu ya Krismasi.

Sasa nifike nisikotaka kufika. Barua ya hospitali ilishakuja wiki mbili zilizopita. Aliiokota mlangoni kabla hujaamka. Alinionyesha Jumatatu, tulipofika kwenye uzio wa kwanza wa kuruka. Alitakiwa alazwe Jumanne asubuhi, yaani juzi. Alisema ameamua atembee kwanza, kisha akaniuliza kama nitakuambia. Kituo cha treni kilikuwa nyuma yetu, mwendo wa nusu saa. Ningeweza kumrudisha. Nikaikunja ile karatasi nikampa, nikasema twende zetu, mvua inakuja.

Usidhani niliogopa kumwudhi. Nilitaka kutembea. Tangu Sheila wangu afariki sijapata mtu wa kwenda naye hata dukani. Miaka yote hii nilimwona mumeo kama mtu baridi, kumbe ana utani, huimba kwa pua akiteremka, na akikata tufaha hunipa nusu kubwa. Nilizitaka siku zote sita. Sikuufikiria moyo wake wala wako, niliufikiria upweke wangu. Ukungu ulipokuja nikaelewa nilichofanya.

Asubuhi hii nilipiga hospitali kwa simu ya mezani ya Bi Pargeter, kisha nikamkabidhi Desmond, nikabaki nimesimama mlangoni asipate pa kupita. Kitanda chake amepewa mwingine. Wamempa tarehe mbili Oktoba, akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayeagiza samaki. Kesho Trevor atatubeba hadi kwenye treni. Bima yake ni ya mabegi tu, kwa hiyo amemwomba Desmond akae kimya kama begi.

Barua hii itakufikia kesho asubuhi, nasi tutafika saa kumi jioni. Usimfokee yeye, tafadhali. Nifokee mimi, nitakuwa nimesimama hapo hapo na mabegi. Tarehe mbili nitakuja kukaa na wewe hospitalini, ukinitaka. Usiponitaka nitaelewa.

Nisalimie paka, na majirani wote wanaoniulizia. Lipake goti lako dawa. Na ukimwuliza Desmond safari ilikuwaje, atakuambia mandhari yalikuwa mazuri. Hatukuona kitu, Dada. Alikuwa anatafuta pumzi.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Raymond