Walivyokulilia Matema

Dada Tusekile,

Ndaga, nakusalimu. Ni mimi mdogo wako, mwenye mdomo. Herufi hizi ni za ile shule niliyoikimbia mwaka wa pili, lakini usijali: wewe hujui kusoma, mimi sijui kuandika, tumelingana. Iliyo yako hasa ni hii karatasi nene niliyoifunga pamoja na barua. Hiyo ipapase.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilirudi kutoka kubeba mizigo ya Wadachi, nimeiona pwani, nimeliona gari la moshi, na kwa siku mbili tu Matema nzima ikawa imenichoka. Wewe, kiziwi tangu utotoni, ndiye uliyetaka habari zaidi. Ukaniwekea kiganja kooni. Nikasema, huku nadunga karatasi ya kufungia mizigo kwa sindano ya magunia, vinundu vikitokea upande wa pili, uvisome kwa vidole. Maneno ya polepole, vinundu vimeachana. Hasira, vimebanana. Kicheko kinarukaruka. Nilipokuigia Mdachi wa boma akifoka, karatasi ikachanika, ukacheka mpaka chungu ulichokuwa unafinyanga kikapinda. Dunia nzima nimeizunguka (haya, nusu), sijaona fundi mwingine wa kazi hii.

Kisha msiba wa Mama. Ulisimama katikati ya wanawake wanaolia, umeikumbatia ngoma uisikie kwa kifua. Baadaye ukaniuliza kwa vidole: nikifa mimi, nitajuaje kama mmelia? Nikakuapia kwamba utajua.

Basi siku yako nilikaa na sindano. Shangazi akanifokea mbele ya watu: "We mwanamume! Dada yako amelala pale, wewe unashona karatasi? Ndiyo ujinga waliokufundisha huko pwani?" Nilikuwa namdunga yeye. Ndiye mstari wa kwanza, unaopanda kama njia ya mlimani halafu unaporomoka. Wa pili ni wafinyanzi wenzako. Walilia kwa pamoja, weka kiganja kizima. Vile vichache pembeni ni yule mzee wa mtumbwi wa kupeleka vyungu Mwaya, aliyekuwa akikununia kila safari. Naye alilia, dada. Hata mimi nilishangaa.

Kaburi lilifukiwa sijamaliza. Ndiyo maana umekaa miezi miwili bila jibu. Nisamehe.

Siku hizi naongea na watu wenye masikio, nao wanasinzia. Juzi nilijiwekea kiganja changu mwenyewe kooni. Si sawa. Si sawa kabisa.

Kesho naizika karatasi upande wa kichwa chako, ndani ya chungu. Masika yakiiozesha, nitadunga nyingine, na nyingine tena, kila mwaka, mpaka mkono ukatae. Hili si la majigambo.

Chini kabisa utakuta mahali laini. Usidhani nimesahau. Hapo zamu yangu ilifika, na mimi, mdomo wote huu, sauti haikutoka.

Kwaheri, dada. Papapase hapo. Ndipo nilipo.