Sindano Tupu

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki Kericho na Mama, mara ya tatu. Sindano saba, goti la kulia. Nyembamba kama unywele. Hazina bomba wala dawa. Moraa wa fiziotherapi anazichomeka, anaziacha dakika ishirini, anazitoa. Mama hulala akitazama dari, haoni kitu. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, hospitali walituonyesha kwenye picha. Yeye husema goti limeisha mafuta.

Kwenye gari akasifu. "Hiyo dawa yao ni kali. Naisikia ikishuka mpaka kidole."

Sikumsahihisha. Nilimwambia tu tunaenda kudungwa sindano. Kosa langu.

Jumapili, 9 Machi
Silibwet, nyumbani. Mama ameenda kanisani bila fimbo. Amewatangazia akina mama wenzake kwamba anatiwa mafuta ya goti. Wawili wanataka kwenda.

Situlii. Mimi ni mwandishi wa habari; kazi yangu ni kuuliza watu kwa nini hawakusema.

Jumatatu, 10 Machi
Ndugu yangu Kiprono anataka chai ya bondeni ikodishwe, maana Mama hafiki huko tena. Mama amemjibu: Jumamosi atashuka mwenyewe, achume. Asipofika, ikodishwe. Chai hiyo aliipanda yeye.

Nimesoma tafiti za sindano hizi hadi macho yakauma. Kuna wanaopata nafuu. Kiasi gani cha nafuu kinatokana na kuamini, wataalamu bado wanabishana. Nikisema kabla ya Jumamosi, huenda nikamharibia. Nisiposema, nimemdanganya.

Nimempigia Moraa. Hajawahi kumwambia Mama kuna dawa. Hajawahi kuulizwa.

Jumatano, 12 Machi
Habari ya barabara imenishinda kuandika. Nimeketi, nimesimama, nimeketi.

Alhamisi, 13 Machi
Sindano ya pili ikiingia, Mama akauliza dawa inaitwaje. Moraa akanitazama. Nikajibu mimi. Hakuna dawa, ni sindano tu.

"Tupu?"

"Tupu, Mama."

"Kiplangat. Umenitoa Silibwet nije nishonwe kama gunia?"

Moraa akacheka, akaomba msamaha. Mama hakucheka. Akaziacha zimalize dakika zake. Nyumbani, mlangoni, akaomba fimbo.

Najuta. Ningesema tena.

Jumamosi, 15 Machi
Ameshuka. Fimbo mkononi, Kiprono mbele, mimi nyuma. Mteremko wa dakika tano, yeye kumi na tisa. Alisimama mara nne. Mara ya tatu nilidhani anarudi. Akamwambia Kiprono asogee, anamzibia njia.

Akachuma hadi kikapu kikafika nusu. Majani mawili na chipukizi, hakuna jani gumu hata moja. Kiprono akakibeba kupanda nacho. Juu akasema atatafuta mtu wa kumsaidia Mama kuchuma. Neno kukodisha hakulitaja.

Sijui kama ni sindano, fimbo au ubishi.

Jumatatu, 17 Machi
Goti limevimba kidogo. Mama anakunywa chai, mguu juu ya kigoda. Mvua tangu saa nane. Ameuliza kama ile siku ya kliniki, Alhamisi, ingalipo. Ipo.

"Basi mwambie Moraa safari hii aweke dawa."

Nimempigia Moraa. Nimemfikishia maneno kama yalivyosemwa.