Kiti cha Alhamisi

Kwako dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Mimi mwili hauna neno. Ni hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika, maana kwenye simu nitakwambia tu "nzuri", kama kawaida yangu.

Kazi yangu ya ushauri nasaha unaijua: chumba cha mwisho wa korido, viti viwili na boksi la tishu. Watu huja, hulia, hutoka wepesi. Mimi hufunga dirisha nikarudi kwenye nyumba ambayo sufuria moja hunitosha siku tatu. Mganga hajigangi, ulinitania hivyo nilipohitimu, nami nikacheka.

Mwaka juzi alikuja fundi cherehani, mzee aliyefiwa na mkewe, hali wala halali. Tukapangiana Alhamisi saa nne. Baada ya miezi sita alikuwa amepona: anakula, anashona, ananisimulia wateja wanaobishana na futi wakipimwa kiuno. Siku moja aliona mfuko wa koti langu umefumuka. Akatoa sindano akaushona palepale, huku akiniuliza kama nimekula. Dada, sikuwa nimeulizwa hivyo tangu mama atutoke.

Wakati huo nilipaswa kumuaga. Binti yake, anayeishi mbali, alikuwa mjamzito na alimwomba ahamie kwake. Mzee akaniuliza kama yuko tayari. Nikamwambia bado, haraka haraka haina baraka. Kila wiki niliandika kwenye faili lake neno hilo hilo, bado. Naye akaniamini, kwa kuwa mtaalamu ni mimi.

Mwezi uliopita msimamizi wangu alipitia mafaili. Aliniuliza kwa upole, katika chumba kile anayetibiwa ni nani.

Acha nikuungamie wewe: nilijua muda wote. Nilimzuia mzee wa watu kwa sababu saa yake ilikuwa saa pekee ya wiki niliyokuwa na mtu. Alhamisi iliyofuata nilimweleza yote. Akasema mjukuu wake tayari anatembea, na yeye hatua zake amezisikia kwenye simu tu. Akachukua kofia yake akatoka. Hakunitukana, na heri angenitukana. Nasikia ameshasafiri.

Ofisi imenisimamisha miezi mitatu na kunitaka nionane na mshauri mwingine. Nimepangiwa Alhamisi, saa nne, sasa ninakaa kiti cha pili. Wiki jana aliniuliza nina nani. Nikasema nina dada, halafu nikakumbuka kwamba sijakwambia lolote la kweli kwa miaka miwili.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Ukinipigia nikakujibu "nzuri", tafadhali usikate simu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba