Nusu Ambayo Haikuwa Nusu

Babu,

Hili sijamwambia mtu yeyote: dawa yako ya moyo nilikuwa nakuibia. Siyo kwa kuuza. Nilikuwa nampa Koplo.

Nimeandika mstari huo nikaufunika kwa mkono, kama ninavyofanya darasani Arua ninapoogopa jirani asione nimekosea. Mama yuko kisimani. Ninakuandikia kwa Kiswahili, siyo Kiingereza cha shule, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kusoma tulipokuwa wakimbizi Zaire, ukichora herufi kwa mkaa juu ya kifuniko cha sanduku.

Unakumbuka siku tulipompata? Tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi hapa Dranya, nyumba haina paa, na watoto wa jirani walikuwa wakimrushia mawe kinyonga katika mihogo yetu. Wewe ukamnyanyua kwa kijiti. "Wacha yeye! Huyu askari. Angalia anatembea namna gani. Hapana kimbia, hapana piga kelele." Ukampa cheo palepale. Mama, kama watu wote wa huku, alimwona mkosi mtupu. "Baba, hiyo Koplo yako akiingia jikoni, mimi natoka, na sufuria natoka nayo!" Ukacheka mpaka ukakohoa.

Miguu yako ilipovimba, ulilala hospitali Arua, ukarudi na kopo la vidonge na amri mbili za sista: nusu kidonge kila asubuhi, na chumvi marufuku. Wewe, dresa wa jeshi, mfunga vidonda na mgawa dawa, uliyewakatia watu vidonge miaka yote, macho yako yalikuwa hayaoni tena pa kukata. Ukanipa mimi wembe, kabla sijapelekwa shule Arua. "Mukono yako iko muzuri. Haitetemeki." Mimi nisiyeweza kusalimia wageni bila kuangalia chini! Siku hiyo nilijiona mtu.

Kisha Koplo akavimba shingo. Ilijaa chini ya kidevu kama mfuko wa maji, akawa anahema mdomo wazi, mbavu zikipanda na kushuka, kama wewe ulivyohema ukikosa mito mitatu ya kuegemea. Nikasema ni ugonjwa uleule. Moyo ni moyo. Sikukuuliza, maana ungeweza kusema hapana. Au ungesema ndiyo, ukampa nusu yako yote. Nakujua.

Nilikwangua ukingo wa nusu yako kwa wembe, punje tu, nikaisaga kwenye kijiko na tone la maji, nikamdondoshea mdomoni kwa ubua wa nyasi. Siku ya nne shingo ilipungua, Babu. Siku ya saba alirusha ulimi akakamata nzi. Nilitaka kukimbia nikuambie. Sikukuambia. Niliendelea kukwangua, na mkono ukazoea, punje ikawa kipande. Nusu yako haikuwa nusu tena.

Miguu yako ikavimba upya. Tuliporudi Arua, sista alikuuliza, "Mzee, dawa unakunywa sawasawa?" Ukanishika bega mbele ya foleni yote. "Huyu mutoto ananipa kila siku. Hapana kosa hata moja."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ukanisifu, nikaufunga.

Wiki mbili hazikuisha, tukakuzika.

Sasa nikuambie ya hapa. Redio yako Mama ameifunika kitambaa. Kiti chako hakuna anayekikalia. Na chakula cha nyumba hii hakina chumvi. Ile Idd ya mwisho ulimwomba Mama samaki mkavu wa chumvi, "kidogo tu, binti yangu," akakuonea huruma, akakupa. Anaamini chumvi ile ndiyo iliyokuua. Tangu arobaini yako hatii chumvi chunguni. Wageni wakionja wanatazamana, yeye anasema, "Nimesahau," kisha anakwenda nyuma ya jiko. Juzi nilimsikia akichambua maharage huku anakuomba msamaha. Babu, asiye na kosa anaomba msamaha, na mwenye kosa yuko upande wa pili wa ukuta, kimya.

Jana Koplo alikufa. Nilimkuta chini ya mpera, rangi ya majivu, shingo imejaa tena. Tangu uondoke sikuwa nimempa kitu. Kopo lako sikuweza kulifungua. Nimemzika palepale, bila gwaride.

Huenda zile punje hazikuwa kitu. Huenda ni samaki. Huenda moyo wako ulikuwa umechoka tu na kukimbia na kurudi. Sijui. Anayejua ni sista, na sijamwuliza.

Nakuahidi: shule ikifunguliwa nikarudi Arua, nitasimama kwenye foleni ileile, nimwambie ulilosema juu yangu halikuwa kweli, halafu nimwulize. Atakalosema nitalibeba mwenyewe. Lakini Mama hawezi kungoja mpaka shule ifunguliwe.

Kwaheri, Babu. Lala sasa, bila mito.

Ndoo imetuliwa uani. Nasikia kandambili zake zinakuja. Barua mbili nilizoanza kabla ya hii ziko chini ya godoro, kila moja imekatika kwa nyayo kama hizi. Hii naiacha juu ya meza, kando ya kopo na wembe. Nimeondoa mkono. Mama hajui kusoma, ataniuliza tu karatasi inasema nini, na nitamsomea, tangu mstari wa kwanza.