Kile Kitu cha Babu

Jumamosi, 13 Aprili 2024

Leo nimefua begi la shule la Lillian. Mungu wangu! Ndani ya begi la mtoto wa darasa la tano kuna mji mzima. Maganda ya karanga. Soksi moja — ya pili iko wapi, hata polisi hawatajua. Embe lililoanza kuoza. Na ndani ya kopo la rula na kompasi, chini kabisa, karatasi imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kidonge cha malaria.

Nikaifungua. Mimi nafungua kila kitu. Nimefungua marobota ya vitenge Ariwara mbele ya watu wa forodha, sembuse kikaratasi cha mtoto.

Kimeandikwa hivi: "Alhamisi baada ya kengele. Nyuma ya choo cha zamani. Kuja na kile kitu cha babu yako. Usiambie mama."

Nikakaa chini ghafla. Nilikaa ndani ya beseni. Beseni lilikuwa na maji.

Jina hakuna. Mwandiko si wa Lillian — herufi zake zinalala kama zimechoka, hizi zimesimama kama kwaride. Kiswahili ni chetu cha soko. Basi ni mtu anayemjua Lillian, anajua Kilugbara chake bado kibovu, na Kikakwa chake hapa Arua hakuna wa kukisikia.

Babu yake ni baba yangu, Sajenti Marino, tulimzika Koboko. Na kitu cha babu, katika nyumba ya askari, kinaweza kuwa kitu chochote. Naandika tena polepole: kitu CHOCHOTE!

Sijamwuliza. Nimeikunja vilevile, nimeirudisha. Nataka kumshika huyo mutu mwenyewe, si karatasi yake.

Jumapili, 14 Aprili

Padri alihubiri, mimi sikusikia. Nilimwangalia Lillian pembeni yangu, mikono juu ya magoti, kimya kama picha ya pasipoti.

Tulikubaliana mwezi wa pili, nilipomtoa Koboko kwa bibi yake: muhula mmoja tu. Akiipenda Arua, anabaki na mimi. Asipoipenda, shule ikifungwa bibi anakuja kumchukua na mimi sisemi neno. Nilikubali haraka, maana nani anaweza kunishinda mimi, Santa? Nimelala Kaya, Yei, Juba, Bunia. Nimechekesha wanajeshi kwenye vizuizi vya barabara mpaka wakasahau kukagua lori. Mume wangu, huko Juba na lori lake, bado anacheka mzaha wa siku ya posa. Lakini mtoto wangu mwenyewe sijamchekesha tangu Februari. Anakula. Anasema, "Asante, mama." Kama mgeni.

Baada ya misa nikampigia mama yangu. Nikauliza, mama, lile sanduku la bati la baba liko salama? Akasema sanduku gani. Nikasema lile la chini ya kitanda chako. Aaah, hilo, liko. Kuna kitu kimetoka ndani? Akasema netiweki mbaya. Netiweki ilikuwa safi! Nilisikia hata kuku wake wakigombana.

Bibi anajua!

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeenda kwa Mwalimu Eyotaru, nimevaa kitenge cha harusi ili aniheshimu. Nikasema nimekuja kusalimia tu. Akasema Lillian hana kosa, ni mpole, wenzake wanamwita mgeni wa Koboko na mapumziko anakaa peke yake. Ila wiki hizi anaonekana na Jenifer na kikundi chake. Wananong'ona. Mwalimu akisogea, wanaanza kuimba wimbo wa kanisa.

Wimbo wa kanisa! Hiyo ni mbinu ya magendo. Naijua.

Nimepekua nyumba nzima. Chini ya godoro, juu ya dari, ndani ya gunia la muhogo. Hakuna kitu. Basi kile kitu kimeshatoka nje.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono ukauke.

Mvua ilinyesha adhuhuri, halafu jua likatoka kali, ardhi ikatoa moshi. Shule iko ng'ambo ya barabara yetu. Nikajificha. Nilijifunika shuka kichwani, nikavaa miwani nyeusi ya Juba, nikainama nyuma ya ua kama mtu anayetafuta mboga. Watoto wote waliopita wakasema, "Jambo, mama Lillian!"

Kengele. Wakaja nyuma ya choo cha zamani, Jenifer mbele, miguu mirefu, sauti ya karani wa mahakama. Wamebeba blanketi na beseni. Lillian akatoa kitu kutoka ndani ya shimo la ukuta. Kimefungwa kwa kitambaa cha kaki. Kaki ya baba! Nikafumba macho. Nikasema, Maria Mama wa Mungu, kisilipuke.

Nikafumbua. Ni vijiti! Vijiti viwili vyeusi na kipande cha ubao mgumu.

Vijiti vya baba vya kuita kumbikumbi!

Nilikuwa nimevisahau kabisa. Baba alikuwa akirudi likizo, anavua buti, anapiga ubao mbele ya kichuguu mchana mweupe, kumbikumbi wanadhani ni mvua inadondoka, wanatoka. Si kila mtu anaweza. Mimi nilijaribu utotoni, akatoka chura.

Wamefunika kwa blanketi kichuguu kilicho pale nyuma ya choo, wameacha mlango mdogo na kashimo mbele yake. Lillian akapiga magoti. Ta-ta, tatata, ta. Akaimba wimbo wa baba, ule wa Kikakwa wa kuwaambia kumbikumbi nyumba yao inavuja. Jenifer akauliza watatoka kweli? Lillian wangu — yule picha ya pasipoti! — akamjibu, "Wewe nyamaza! Unawafukuza! Piga makofi pale nilipokuambia!"

Jenifer akanyamaza. Wote wakapiga makofi. Kisha kumbikumbi wakatoka. Mmoja, halafu wengine, halafu kama mchele gunia likipasuka. Mabawa yaling'aa juani, watoto walipiga kelele, wanakula wabichi, na Lillian katikati anacheka. Meno yote nje. Nilikuwa sijui jino lake la pembeni limeota.

Nililia? Hapana. Miwani ya Juba inatoa jasho.

Basi nikaruka ua. Nataka kumbeba! Na saa hiyohiyo Mzee Alionzi akatokea na fimbo yake, yule jirani wa shule asiyesalimia mtu. Akapiga kelele, nani iko hapa? Nani amewapa ruhusa? Wezi! Watoto wakatawanyika kama kuku. Mimi nikaokoa beseni — mkono wa biashara haufikiri — nikamwambia, "Mzee, tulia. Hii ni shamba ya shule. Kumbikumbi ni ya serikali!"

Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimekosea. Naandika ndogo.

Mwalimu mkuu ametuita. Kumbe baba yake Mzee Alionzi ndiye aliyetoa ardhi ya shule. Alitoa ardhi, hakutoa kichuguu. Kichuguu ni cha ukoo, na anayeita bila kumwomba mwenyewe ni mwizi, kama aliyevuna shamba la mtu. Kila mtu mzima hapa anajua. Watoto walidhani cha shule. Na mimi? Mimi mtoto wa kambi ya jeshi. Kambini kichuguu hakina mwenyewe, anayewahi ndiye anayekula. Nimeijua dunia mpaka Bunia, sikujua kichuguu cha ng'ambo ya barabara.

Mzee anataka jambo hilo limalizwe Jumatatu mbele ya shule nzima. Wazazi wa Jenifer wameshamwambia binti yao asisogee kwa Lillian.

Jioni nikamwuliza kwa nini mama asijue. Alikuwa anakunja sare. Akasema, "Ungefanya mzaha." Kisha akasema alimwomba bibi vijiti, bibi akampa, akamwambia avitunze. Kisha akauliza, "Bibi anakuja lini?"

Nilitafuta neno la kuchekesha. Lilikuwepo. Nikalimeza.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimekaanga kumbikumbi wote, chumvi tu, mafuta wanayo wao wenyewe. Sikuonja. (Nilionja. Kidogo.) Nikajaza beseni, nikafunika kwa kitenge kipya, tukaenda kwa Mzee Alionzi, mimi na Lillian. Njia nzima sikusema kitu. Lillian alinitazama kama naumwa.

Mzee alikuwa peke yake uani. Nikapiga magoti, mimi Santa, nikaweka beseni chini. "Mzee wangu, hii ni mali yako yote. Makosa ni yangu. Watoto hawakujua, na mimi niliyejifanya najua, sikujua."

Akachukua mmoja. Akatafuna. Akachota kiganja kizima. Nilisikia meno yake, na si mengi. Halafu akauliza, nani alipiga?

Nikasema sajenti, baba yangu. Akasema hapana, Alhamisi, nani alipiga?

Lillian akainua mkono kama darasani.

Mzee akasema kichuguu kile mke wake marehemu ndiye alikiita. Tangu afariki hakijatoa kitu mchana. Watoto wake wako Kampala, wakijaribu wanapiga kama wanagonga mlango wa benki. Yeye mwenyewe aliacha. Watu walisema kimekufa. Alhamisi alikuwa amelala, akasikia ta-ta, akadhani anaota, akatoka na fimbo. "Nilikuwa na hasira," akasema, "kwa sababu si yeye."

Lillian akamwuliza mke wako alikuwa anaimba nini? Mzee akaimba. Vibaya sana! Lillian akasema, huo ni wa jioni, babu. Wa mchana ni mwingine.

Babu! Amemwita babu, na mzee ameitikia!

Wakala beseni nusu, wote wawili. Nikasema nimekuja kulipa faini, naona faini inaliwa na mshitakiwa. Lillian alicheka. ALICHEKA! Naandika herufi kubwa kama gazeti.

Jumatatu, 22 Aprili

Ushindi! Ushindi mtupu!

Mzee Alionzi alisimama mbele ya mistari ya shule, koti jeusi, viatu vimepakwa rangi. Mwalimu mkuu alikuwa ameandaa hotuba ndefu juu ya wizi. Mzee akamwambia akae. Akasema kichuguu ni chake na kitabaki chake. Wa kukiita ni mmoja tu, mtoto wa Koboko, na wengine wote watapiga makofi pale atakapowaambia. Fungu la mwenyewe litaletwa kwake na si vinginevyo.

Shule ilipasuka kwa kelele. Mimi nilipiga vigelegele mpaka Mwalimu Eyotaru akaniomba, mama Lillian, tafadhali, kuna mtihani. Kuna mtihani gani mkubwa kuliko huu?

Jenifer ndiye mwandishi wa kikaratasi. Amekiri mwenyewe, shingo juu. Nikamwambia mwandiko wako ni mzuri, lakini ukija tena kwenye begi la Lillian, ondoa na maembe.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Sikufanya kazi, kwa heshima ya wafanyakazi. Uani kulikuwa na watoto wengi, Lillian anawagombeza kwa Kilugbara kibovu sana, nao wanatii. Anaitwa Kamanda.

Lakini leo hajasema anabaki. Sijauliza. Ahadi ni ahadi.

Jumamosi, 4 Mei

Shule ilifungwa jana. Mama amefika asubuhi kutoka Koboko, kuku mmoja kwapani. Kabla ya kunisalimia akamwuliza Lillian vijiti viko wapi. Nikasema, mama, na netiweki? Akasema, "Santa, usinichoshe, nipe maji."

Tumekula. Lillian ameanza kupanga nguo. Kisha mvua ikashuka, kubwa, fupi, halafu jua. Watoto mlangoni — Jenifer, wote — Kamanda, Kamanda, Mzee anasema ni sasa! Lillian akamtazama bibi. Bibi akavua viatu vya safari. Akasema, "Kichuguu hicho kiko upande gani?" Wakaondoka wameshikana mikono. Mama aliniachia amri moja: washa moto.

Moto nimewasha. Kikaango kiko juu. Begi la Lillian liko kitandani, wazi nusu. Kuna nguo, au kuna daftari za muhula ujao? Kutoka hapa sioni. Mimi ninayefungua kila kitu, leo siligusi. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Nasikia ta-ta, tatata, ta. Sasa mpigo umebadilika, mzito, wa mtu mzima — huyo ni mama. Sasa mwepesi tena. Wanapokezana. Mzee Alionzi anaimba juu yao, Mungu amsaidie.

Wamepiga kelele! Wametoka!

Na sauti ya Lillian inavuka barabara, si ile ya asante mama, ni ya mtu anayegombeza watu wa nyumbani kwake:

"Mama! Beseni! Lile kubwa! Mama, unafanya nini huko, kimbia —"